Kisanduku cha Matone

"Umeme leo una wazimu, mzee mwenzangu," jirani yangu aliniambia kwenye simu. "Unakatika, unarudi. Tangu alfajiri nimehesabu mara sita."

Nilikuwa kwenye korido ya hospitali, mji mwingine kabisa, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nyuma ya mlango, mke wangu alikaa kitandani na bandeji machoni, akimsubiri daktari. Mara sita.

Nyumbani, tangi la kioo la mimea ya majini na kamba wadogo wekundu lilikuwa lake. Kwa miaka minane alilitilia mbolea kwa mkono, matone kumi kila asubuhi, hata macho yalipoingia ukungu akawa anahesabu matone kwa kuyasikia yakidondoka. Tulipopewa tarehe ya upasuaji, nilimwambia asihangaike. Mimi niliyesomea umeme masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mbili, katikati ya vijana walioniita babu kisha wakaomba kunakili daftari langu, nishindwe na matone kumi? Nikaunda kisanduku: pampu ndogo, mrija, na saa ya kuiamuru. Nilikijaribu siku tatu. Hakikukosea hata tone.

Ila sikukijaribu kwa kuzima umeme. Kila uliporudi, saa yangu ilianza siku upya, na siku yake ilianza kwa matone kumi. Mbolea ile ina shaba. Kidogo hustawisha majani, ikizidi huua kamba.

Ningeweza kumwambia jirani avunje kufuli, achomoe waya. Kufuli ni kitu gani? Lakini ndiye niliyemwita wiki iliyotangulia aje akione kisanduku, nikamtambia mpaka chai yake ikapoa.

"Hakuna shida," nikamjibu. "Kila kitu nimekipangia."

Nikaingia chumbani. Sikuketi.

"Baba Watoto, mbona miguu haitulii?" mke wangu akauliza. "Unanichosha kwa kukusikiliza tu."

"Natoka kidogo."

"Kidogo cha wapi? Daktari anakuja saa sita. Nikifunguliwa nataka nikuone wewe kwanza. Kama umeharibika sura, nijue mapema."

Binti yetu, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alicheka. Nami nilicheka, mkono tayari uko kwenye kitasa.

Nyumbani nilikuta kamba wamepanda juu ya majani, wamejazana karibu na hewa, wachache wamelala ubavu. Nilichomoa waya. Nikachota maji kwa ndoo, nikatia mengine, nikachota tena, mpaka walipoanza kuchokora majani kama kawaida yao. Karibu wote walipona. Sikumwita jirani.

Niliporudi hospitali ilikuwa saa kumi na moja jioni. Binti yetu alinipisha mlangoni. Bandeji ilikwisha kutolewa. Mke wangu alinigeukia, akaanza na mikono ya shati langu, iliyojaa madoa ya kijani, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Wamepona?"

"Wamepona."

"Na mashine?"

"Imekosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Haya. Kaa."

Nikakaa. Yeye akarudi kutazama dirishani, akaanza kunitajia rangi ya kila gari lililopita, moja moja, kwa sauti ya upole ambayo mtu humsimulia nayo mgeni aliyechelewa.