Mpaka Mkali wa Sirari

Mwalimu Gladys alikuwa na miaka kumi na tisa ya kufundisha darasa la awali pale Nkende, na katika miaka yote hiyo hakuna kosa la mtoto lililopita mbele yake bila kusahihishwa. Ndiyo maana kosa la Vivian lilimnyima raha wiki mbili nzima.

Lilianza Jumatatu, irabu tano zikiwa zimepangwa vizuri ubaoni. Vivian, mwenye miaka mitano na mdomo wa miaka hamsini, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mpaka wa Sirari anakula nini?"

Gladys akauliza mpaka gani. Huyo mkali, Vivian akajibu. Nyumbani kwao wanaongea Kijaluo, lakini alimsikia mama yake akimwambia jirani kwa Kiswahili kwamba dani, yaani bibi yake wa Migori, upande wa Kenya, hawezi kuja. Kitambulisho chake kimepotea, na siku hizi mpaka ni mkali, bila kitambulisho hapiti mtu.

"Kwani ni paka?" Gladys akauliza, akijizuia kucheka.

"Paka ni mdogo," Robi akadakia kutoka nyuma. "Mpaka ni baba yake."

Darasa zima likaona maelezo hayo yamejitosheleza.

Gladys wa zamani angelimaliza jambo hilo kwa sentensi moja na kurudi kwenye a, e, i. Lakini alikuwa ametoka kwenye mafunzo Musoma, ambako waliambiwa swali la mtoto lifuatwe linakokwenda, naye akamnong'oneza mwenzake kwamba hao wakufunzi hawajawahi kukaa na watoto sitini. Haya, akasema moyoni, tujaribu siku moja tu.

Siku moja ikazaa kumi. Watoto walitoka kuipima barabara kwa hatua ili wajue mnyama wa kuiziba ana upana gani. Zilikuwa hatua ishirini na tatu, na wale ambao hesabu yao ilikuwa inaishia kumi wakadai kuambiwa kinachofuata. Wakamjenga mnyama kwa maboksi na udongo, wakagombana kama anakula dagaa au ugali. Kisha Vivian akaamua kwamba mnyama anayetaka kitambulisho atengenezewe kitambulisho cha dani, na hapo ndipo watoto sitini walipoanza kudai herufi kama wanavyodai uji. Herufi zilezile alizowabembelezea tangu Januari! Gladys aliwatazama wakilamba penseli, wakihangaika na jina la bibi wa mwenzao, akawapenda mno, akaona aibu pia kwa jinsi alivyowachosha.

Tatizo ni kwamba jambo lenyewe halikuwa kweli. Mwalimu mkuu, Joram, alichungulia dirishani, akamwona mnyama na masharubu yake ya fito.

"Mwalimu Gladys, hawa wataingia la kwanza wakijua mpaka una mkia? Ijumaa hili liwe limekwisha."

Joram hakumtisha. Aliyemkosesha usingizi ni Vivian. Mtoto aliyeongoza darasa zima angechekwa na darasa zima, na Gladys alishawahi kuona mtoto aliyechekwa hivyo akifunga mdomo mwaka mzima. Akaona heri ukweli uletwe na mtu mwingine. Akamwomba Mogesi, dereva wa bodaboda anayepeleka abiria Sirari kila siku, aje aulizwe maswali na watoto.

"Ila nakuomba sana, usicheke," akamwambia.

Ijumaa Mogesi akaja, na kweli hakucheka, ingawa alimeza mate mara mbili.

"Huyo mpaka umemwona?" Vivian akamuuliza.

"Naupita kila siku. Si mnyama, mwanangu. Ni mahali tu ambapo Tanzania inaishia na Kenya inaanzia. Hauna meno wala mkia."

Halafu Robi akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Gladys akasogea haraka kumkinga Vivian. Lakini Vivian hata hakugeuka. Alikuwa amemkazia macho Mogesi, kitambulisho cha boksi mkononi.

"Kama hakuna mnyama, nani anamzuia dani?"

Kicheko kikakatika.

"Askari," Mogesi akasema. "Yule wa getini."

"Ni mtu?"

"Ni mtu."

"Yeye ana dani?"

Mogesi akajikuna kichwa. "Atakuwa naye. Kila mtu ana bibi."

"Basi tumwandikie," Vivian akasema, na Robi huyohuyo akawa wa kwanza kukimbilia penseli.

Gladys akaufuta ubao wote. Akashika chaki, akawauliza barua kwa askari inaanzaje.

Vivian akafikiri kidogo.

"Shikamoo," akasema. "Tuanze na shikamoo."