Anga la Njano

Kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia, fundi cherehani aliyekuwa amevalisha nusu ya mtaa alibaki dirishani, kanuna. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, akachoka kumtazama hivyo.

"Mama watoto, sindano imekukataa. Pasi nayo imekukataa?"

Akamletea karatasi za gundi, zile ambazo ukizipiga pasi gundi inayeyuka na kushika kitambaa. Mke akaguna, lakini kesho yake akaanza picha ya mtaa wao: mapaa kwa mabaki ya suti, kuta kwa magazeti, nguo kwenye kamba kwa vipande vya hariri. Mume alikata, mke akapiga pasi kwa mkono wa kushoto.

"Taratibu, mzee! Hicho ni kichwa cha muuza maji, unakikata kama unapinda kona na tela!"

"Kichwa chake ndivyo kilivyo, mke wangu. Mimi nifanyeje?"

Nyumba ikarudi kuwa na kicheko.

Siku moja kabla ya maonyesho ya mtaa, ambako picha yao ingeshindania kombe, mzee akaweka karatasi ya gundi juu chini. Pasi ikatua kwenye gundi yenyewe. Ikanuka, ikanata, na mke alipoinyanyua ikaondoka na anga lote la buluu. Mama akaketi, machozi yakamtoka.

"Mama, basi," binti yao alimbembeleza. "Umejitahidi. Pumzika."

Hilo neno ndilo lililomwamsha.

"Nipumzike, kwani nimechoka? Nileteeni gauni langu la njano."

"Lile la kutokea?" mzee akashtuka. "Hujalivaa hata mara mbili!"

"Nauvalisha mtaa. Kata!"

Wakasugua pasi mpaka ikang'aa, wakakata, wakabandika. Anga likawa la njano, na mtaa mzima ukaonekana kama umeamka sasa hivi.

Ukumbini watu walisongamana mbele ya picha ile, kila mmoja akitafuta mlango wake. Jina la mshindi wa kwanza lilipotajwa, binti alimshika mama kiwiko.

"Niache, mwanangu. Njia naijua."

Akapanda jukwaani polepole, peke yake. Jaji akamuuliza ametumia mkono upi.

"Huu wa kushoto. Wa kulia umeshamaliza zamu yake."

Akalishika kombe, akaliinua juu ya kichwa. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na mzee akapiga mluzi hadi pumzi ikamwishia.