Nzi Walioshiba

Tangu mkewe afariki akisubiri daktari mkuu atoke mkutanoni, mpishi wa nzi hakumwamini mtu yeyote mwenye kiti kinachozunguka. Kazi yake pale maabara ilikuwa kuwapikia nzi wa matunda uji mzito wa unga na hamira, na kila alipokoroga alimsema profesa mkuu wa maabara chini chini, maana sufuria haina umbea.

Siku hiyo alikuta chupa moja ya nzi ina karatasi yenye majimaji tu, chakula hakuna. Akasonya. Kumbe ubahili wa wakubwa umefika mpaka kwa nzi. Akawachotea uji, wakaushukia kama waalikwa wa harusi, naye akaondoka kifua mbele.

Hakujua kwamba walishindishwa njaa makusudi, wala kwamba nzi hao ni wa binti wa shemeji yake, binti yule yule aliyemtafutia kazi. Binti alichunguza neva za ladha kwa darubini: nzi akionja sukari, kalsiamu huingia ndani ya neva, nayo, kwa protini maalumu waliyopandikizwa nzi hao, hung'aa kijani. Mwenye njaa hung'aa zaidi. Profesa alishamwambia kwamba asipoona mwanga safari hii, meza yake ya utafiti atapewa mwingine.

Kesho yake nzi akabandikwa kwa gundi, akaguswa mdomo kwa tone la sukari. Kwenye skrini kikaonekana kijani hafifu, kama tochi inayokata roho. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hata hakujisumbua.

"Kusanya vyombo vyako," profesa akamwambia binti.

Mpishi alikuwa mlangoni na sufuria yake. Angenyamaza tu, profesa angeonekana mbaya vile vile alivyomtangaza siku zote. Lakini binti alikuwa anajifuta macho kwa glavu, akirudia kwamba nzi walishinda njaa, walipaswa kung'aa.

"Wameshiba hao," akasema. "Niliwalisha mimi. Nilidhani umewanyima wewe."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Nani mwingine hapa kazi yake kunyima?"

"Baba Mdogo," binti akasema, "unaomba msamaha au unafungua kesi?"

Profesa akacheka bila kupenda. Akamwongezea binti siku moja, na mpishi akapewa adhabu yake: kulinda chupa mpya, mtu yeyote asiwalishe nzi.

Akalinda. Nzi walizunguka juu ya karatasi yao, wakimkodolea macho mekundu. Alipotoa mkate wake, aibu ikamshika, akawageuzia mgongo.

"Msinilaumu mimi," akawaambia huku akitafuna. "Haya ni maagizo kutoka juu."