Musiro wa Kulala kwa Mkwe

Kidonda cha sukari kilikuwa kinaula mguu wa Kulthum, na nyumba pekee ya jamaa iliyokuwa karibu na hospitali ilikuwa ya mkwewe, Athman, huko Shieywe. Akakataa kulala humo.

"Mwambie ni musiro," alimwambia binti yake, Sumayya, mke wa Athman, ingawa Athman mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, macho chini kama adabu inavyotaka.

Musiro ndilo neno la huku la mwiko. Msikitini husema haramu, na haramu ina kitabu chake. Musiro hauna kitabu. Una mama mkwe. Kwa Kulthum, kukalia kinu ni musiro, kupiga mluzi ndani ni musiro, hata kuzima redio kabla matangazo ya vifo hayajaisha. Athman, fundi seremala, alimpenda na vituko vyake vyote. Lakini paa moja na mkwe? Huo ulikuwa musiro wenyewe, si mzaha.

Muuguzi alitaka kidonda kisafishwe hospitalini kila siku. Kulthum akarudi kwake Shianda. Wakabishana kwa simu siku mbili, mguu ukizidi kuvimba. Siku ya tatu Athman na mkewe wakamfuata. Athman akasimama uani, akampa mgongo.

"Mama, nikihamia karakanani?"

"Mwambie hata akihamia Butere, nyumba ni ya mkwe."

"Basi nikupangishe."

"Anasema nini huyu?"

"Mpangaji analala kwake, Mama. Halali kwa mkwe."

Kulthum akafikiri sana. "Muulize kodi ni nini."

"Kuku."

Sumayya akaangua kicheko. "Baba Bilal! Umekuwa landilodi wa mama yangu?"

"Atachukua mtetea yule mweusi," Kulthum akasema. "Na akiingia kwangu bila hodi, nitamshtaki kwa chifu."

Hivyo Athman akawa anapiga hodi kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake. Kila asubuhi alisikia sauti ndani: "Sumayya, mwambie mwenye nyumba chai yake iko dirishani. Nimemzidishia maziwa."

Mguu ukapona. Gharama yake ni hii: mtetea mmoja mweusi, siku kumi na tisa za Athman kulala juu ya maranda ya mbao, na vidole viwili vya mguu, ambavyo daktari alisema vingepona kama si zile siku mbili za kubishana.