Simu Iliyoshiba

Nikutegee. Kinakaribishwa mezani kabla ya mwenye chakula, hakinawi, hakitafuni, na kila siku kinanenepa. Nini hicho? Usihangaike kunipa mji. Tulia, jibu litakuja kwa miguu yake.

Msichana mmoja alikuwa keshia katika duka kubwa, la wale wanaojichukulia vitu wenyewe na kulipia karibu na mlango. Alisimama tangu duka linafunguliwa, maana viti vya makeshia vilikuwa vimeondolewa. Meneja alisema mtu aliyekaa anaonekana mvivu. Basi siku moja msichana akaanguka hapo hapo kaunta, mfuko wa sukari wa mteja bado uko mkononi. Daktari akasema ni njaa. Meneja akasema ni ulaji mbovu wa vijana wa siku hizi, soda na biskuti, na kwamba akianguka tena, kazi hana.

Duka likawaletea makeshia mshauri wa lishe, wa kwenye simu. Ushauri uliwekwa saa ya chakula cha mchana, kwani hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya mapumziko. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshikia kaunta, keshia aliusikiliza kwa kidude cha sikioni huku akihudumia wateja.

"Dada, unapokula huwa unakaa wapi?" mshauri alimwuliza siku ya kwanza. Alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi.

"Nikufungie pamoja na sabuni?" keshia akamwuliza mteja.

"Sijakuelewa, dada."

"Samahani. Nitakujibu baadaye."

Mshauri akasema basi, kwa kuanzia, atumiwe picha ya sahani kila siku. Keshia aliishi na bibi yake. Asubuhi bibi alipasha maharage, akatenga na mboga za majani na viazi vitamu, na keshia akaipiga picha sahani ya bibi, mkono mmoja simu, mkono mwingine unavuta kiatu.

"Mke mwenzangu, hebu tia japo tonge moja kinywani," bibi akasema. "Hiyo simu ndiyo inayokula. Wewe unanusa tu."

"Nikichelewa wananifungia geti, bibi."

"Haya, nenda. Babu yako angekuwepo angeniuliza mbona mke wake mdogo amebaki mifupa."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Sahani moja ikashibisha wawili, bibi na simu.

Simu ikaanza kuvimba. Kwanza ilikataa kuingia mfukoni, halafu ikataka kubebwa kwa mikono miwili, halafu ikataka kapu. Ilinukia maharage, na asubuhi kioo chake kilitoa jasho kama kifuniko cha sufuria. Mlinzi wa mlangoni aliipapasa, akatikisa kichwa.

"Hii imeshiba hasa, dada," akasema, akaipitisha.

Makeshia wengine nao walifika na za kwao vichwani, kama watu wanaotoka kusaga unga. Nani hana mama au shangazi mwenye sahani?

Mwisho wa mwezi meneja aliwapima uzito. Kila mmoja alipanda kwenye mizani na simu yake, maana mpango wa ushauri ulikataza kuiacha. Mshale ukapanda mpaka ukakwama. Meneja akapiga makofi.

"Mnaona? Walikosa elimu tu hawa!"

Mashavu ya keshia yalikuwa yamebonyea kama kopo lililokanyagwa, lakini mizani haipimi mashavu. Ushauri ukaongezwa muda, ukameza saa nzima ya mchana.

"Dada, bado hujanijibu," mshauri alikumbusha. "Unapokula huwa unakaa wapi?"

"Eti haya mafuta yamepunguzwa bei?" mteja aliuliza, na keshia akalazimika kumjibu yeye.

Simu ilipofika kimo cha ndoo, keshia akawa anaisukuma kwa kitoroli cha duka na kuishusha nyuma ya kaunta. Mchana mmoja foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za unga. Macho ya keshia yakaingia giza, vilevile kama siku ile ya sukari. Akajua anaanguka, na akianguka ndiyo basi. Akarudi nyuma kidogo, akaketi juu ya simu.

Ilikuwa na uvuguvugu, ikambeba bila kunung'unika. Meneja alipita, akamwona. Kanuni ilikataza viti, simu haikuitaja, na hii ilikuwa simu ya mpango. Akaenda zake. Viti havikurudishwa, wala mtu wa kushika kaunta hakuletwa.

"Afadhali leo umekaa, dada," alisema mama mmoja kwenye foleni, akaweka mkate wake kaunta.

Chini ya keshia sauti ya mshauri ikasikika, imefifia kidogo kwa kukaliwa.

"Dada, nakuuliza tena. Unapokula huwa unakaa wapi?"

Keshia akampa yule mama mkate wake, akamsindikiza kwa macho mpaka akatoka nje akiumega. Kisha akainamia simu.

"Kukaa, dada yangu, leo nimekaa juu yako," akasema. "Kula ndiyo bado."