Mchu Uliogoma Kukauka

Babu Chumvi alichoma mkaa ujanani, na hakukuwa na mti uliomshinda kuua. Unachukua panga, unabandua ganda kuzunguka shina, pana kama kiganja, kisha unaenda zako. Chakula cha majani hakifiki tena mizizini, na mti unakauka umesimama, bila ugomvi.

Hivyo ndivyo alivyoufanyia mchu, mkoko ulioota kwenye tuta la mashamba ya chumvi, nyuma ya chumba chake. Mashamba yalikuwa yamefungwa. Wenzake walishaondoka, akabaki yeye kuyalinda maji ya chumvi ambayo hata mwizi hakuyataka. Msimamizi alitaka mti ule ufe kwa kuwa mizizi yake ilipasua tuta. Kuupiga shoka, mkono wa Babu ulikataa. Marehemu mkewe ndiye aliyefunga waya wa kuanikia nguo kwenye shina lile, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya mlango. Waya ulikuwapo bado. Siku hizi palianikwa shati moja.

Bintiye alipiga simu.

"Baba, chumba kipo, kitanda kipo. Unangoja nini huko peke yako?"

"Kuna mti naumalizia, mama. Ukikauka tu, nakuja."

Mvua zikaja, zikapita. Mchu ukazidi kunawiri. Kila asubuhi Babu alipitisha kidole juu ya jani na kulamba chumvi ambayo mti uliitoa kama jasho. Ilikuwa kali vilevile. Akafurahi, halafu akaona haya kufurahi.

Msimamizi alikuja na pikipiki yake, akauzunguka mti, mikono kiunoni.

"Mzee, huu ndio uliouua?"

"Ganda nimelivua mwenyewe. Si unaona?"

"Naona. Na maiti yako inatoa maua."

Jioni ile simu ikalia.

"Umekauka?"

"Bado."



"Ungesema tu hutaki kuja kwangu, baba. Ningekuelewa. Usinisingizie mti."

Akakata.

Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Kulipokucha akachukua shoka. Leo utakauka, aliuambia mchu, upende usipende.

Chini ya mbao ya kwanza, ngumu kama mfupa, shoka lilizama kwenye utepe laini, wenye majimaji. Akastaajabu: ulikuwa kama ganda, lakini ganda lililo ndani ya mti. Akakata zaidi. Mbao tena, kisha utepe mwingine mbichi, kisha mbao, tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kumbe alikuwa ameuvua koti tu, na ndani umevaa mashati chungu nzima. Chakula kilikuwa kikishuka kwa njia za ndani, muda wote aliokuwa akiungoja ufe.

Pigo lililofuata liligonga chuma.

Akachokonoa kwa ncha ya panga. Lilikuwa fundo la ule waya, limesokotwa mara tatu kwenda kushoto, kama mkewe alivyosokota kila kitu. Mti ulikuwa umelimeza. Nyuma ya fundo kulikuwa na utepe, na nyuma ya utepe mbao. Mti ulikuwa umeendelea kukua huku umelibeba.

Babu akaweka shoka chini, akakaa kwenye tuta hadi jua likamchoma kisogo. Kisha akapiga simu.

"Umekauka?" bintiye akauliza, sauti baridi.

"Huu haukauki, mama. Ningeungoja hadi nife mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niambie nishuke kituo gani."

Alianua shati, akaliweka mkobani. Akaufungua waya kwenye nguzo ya mlango ili aondoke nao, akauvuta kwa mikono miwili. Mchu haukuachia. Basi akaukunja taratibu hadi kwenye shina, akautundika penye tawi la chini, pale mkono wa mkewe ulipokuwa ukifika.