Taa ya Jumamosi

Mwaka ule Jaafar alikuwa na haja moja tu, nayo ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuitimiza: Mwanatumu, mkewe, aione tena ile taa ya kijani kabla macho hayajamwisha.

Macho yenyewe yalikuwa yakienda. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. La kushoto limeshakufa, la kulia linaziba taratibu kuanzia pembeni, na matone yatachelewesha tu, hayatazuia. Mwanatumu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na njiani kurudi Barani, mtaani kwao Malindi, akateremka kununua bamia. Jioni hiyo hiyo Jaafar akaanza kuulizia habari za mashine.

Ujanani alikuwa fundi wa taa katika disko la hoteli moja ya ufuoni, zama zile Malindi ilipojaa Waitaliano hata wauza mihogo wakajua kuhesabu Kitaliano. Disko lile lilikuwa na leza. Si hizi za kuchezea paka. Lilikuwa dude refu la kubebwa na watu wawili, tumboni lina bomba la gesi ya argoni, linakula umeme wa kiwanda na kunywa maji bila kupumzika, maana lisipopozwa hupasuka. Likiwaka hutoa uzi wa mwanga, kijani na buluu, unaoweza kutoboa karatasi. Kila Jumamosi Jaafar aliupenyeza uzi ule nje ya paa la makuti, akaupeleka mpaka kwenye mnara wa maji wa mjini, akautikisa mara mbili. Watu walidhani ni mbwembwe za hoteli. Binti mmoja tu, ambaye wazazi wake walikuwa watu wa Faza, alijua kwamba anasalimiwa yeye. Alikuwa amepanda darini kuanua nguo. Nguo gani za kuanuliwa saa zile, babake hakuuliza, na hilo Jaafar humshukuru marehemu mpaka leo.

Hoteli ilifungwa kitambo. Wenye vyuma chakavu walipokuja kuibomoa, mlinzi akamkumbuka fundi wa zamani, akaliokoa dude kabla halijachanwa kwa ajili ya shaba yake. Likafika Barani kwa tuktuk, nusu ndani, nusu nje.

Nyumbani halikuwa na pa kukaa wala cha kula. Bahati nzuri nyuma ya ua palikuwa na chumba cha kinu cha kusaga mahindi cha Garama, fundi umeme kutoka Marafa. Kinu kilishahamishwa, lakini nyaya nene za laini tatu, za umeme wa kiwanda, zilikuwa zingali ukutani. Garama alilizunguka lile dude, akajikuna kichwa.

"Mzee Jaafar, hiki kitu kitasaga nini?"

"Hakisagi. Chatoa mwanga."

"Umeme wote huu, kwa taa?"

"Kwa taa moja."

Garama alicheka, kisha akaenda kutafuta transfoma. Yeye ni mtu wa namna hiyo. Hucheka kwanza, halafu husaidia.

Mwanatumu hakuambiwa sababu. Jaafar alijaribu, lakini maneno "kabla hujawa kipofu" ulimi wake uliyakataa, naye hakuyapata mengine. Akasema anataka kuishughulisha mikono. Basi asubuhi baada ya asubuhi mume akanywa chai wima, akatokomea kinuni, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mwanatumu akawa akimkaribisha kwa swali moja: "Mke mwenzangu ameamkaje?" Alilisema kwa mzaha, na mzaha ule ulikuwa na mwiba ndani yake. Macho yalikuwa yakimzibia, siku nzima za mtu wake zilikuwa za bomba, na usiku alipopapasa kitanda alimkuta ameshalala kwa uchovu.

Jaafar alisafisha vioo viwili vya ncha za bomba kwa pamba na spiriti, akabana pumzi asije akavitemea mate. Akaunga mpira wa maji kutoka kisima cha Garama, wakawasha. Bomba likang'aa. Moyo wa Jaafar ukaruka, na kabla haujatua, swichi ya usalama ikakata umeme kwa kuwa maji hayapiti vya kutosha. Wakajaribu kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila mara maji yalipita machache zaidi, mpaka mashine ikakataa hata kunguruma. Alipofungua kiungo cha mpira alikuta kimeziba kwa ukoko mweupe, mgumu kama plasta. Akakaa juu ya gunia, kiungo mkononi, akahisi kulia. Mtu mzima hakatazwi.

Hapo ndipo Mwanatumu alipoingia na chai, mkono mmoja ukutani. Aliweka kikombe chini, akakichukua kile kiungo, akaupapasa ukoko kwa kidole.

"Umempa maji ya kisima?"

"Nimempa yaliyopo."

"Baba Widad, huu ndio uchafu wa birika la kina Garama. Wakipikia maji ya kisima mwezi mmoja, halimimini. Lioshe kwa ndimu, utaona. Lakini ukirudia maji yale yale, ndimu za Malindi nzima hazitakutosha."

Jaafar alijua jibu, na jibu lilikuwa uani kwao: tangi la saruji alilolijenga mwaka waliooana, linalokinga mvua za masika kutoka kwenye bati. Maji yale yalikuwa ya Mwanatumu. Ya chai yake, ya nywele zake, ya wageni wake. Hata Widad, binti yao, akija kutoka Mombasa huomba ruhusa kabla ya kuchota. Na jua la kaskazi ndilo kwanza lilikuwa limeanza. Mvua ilikuwa mbali.

"Yakishapita humu hayanyweki tena," alisema mwishowe.

"Sijakuuliza hilo. Nakuuliza, kwa nini wataka kuliwasha? Na usiniambie mikono."

Jaafar akatazama chini. Akamwambia. Alisema vibaya, kwa kukatika katika, mambo ya mnara wa maji na mambo ya daktari pamoja, mpaka mwenyewe hakujua alichokisema. Mwanatumu akauchukua mkono wa mumewe, wenye grisi vile vile, akauweka shavuni.

"Mimi nilidhani wanikimbia," alisema. "Kwamba huwezi kunitazama nikiwa hivi. Chukua maji."

Wakaloweka mabomba kwa maji ya ndimu, kapu zima, mpaka kinu kikanuka achari. Wakapitisha mipira juu ya ukuta, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na pampu ndogo yenye waya wake ya kuyasukuma maji, tangi likawa ndilo ziwa la kulipoza dude. Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, Jaafar alifunga madirisha ya kinu na kuziba nyufa kwa magunia mpaka pakawa giza tupu. Akamvalisha mkewe miwani ya kukinga macho? La, miwani ya rangi ya chungwa ilikuwa moja, nayo huiua ile kijani yenyewe. Akamsimamisha nyuma yake, pembeni, akamwapisha asije akasogea mbele ya mdomo wa mashine. Garama akakaa nje kwenye swichi kubwa.

"Washa," alisema Jaafar.

Maji yakaanza kukimbia mipirani, mengi na laini. Bomba likang'aa, na safari hii halikuzimika. Lakini uzi haukutoka, kwa kuwa vioo vilikuwa havijatazamana sawasawa. Jaafar akashika skrubu mbili za nyuma akazizungusha kidogo kidogo, huku na huku, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Ghafla tofali la ukuta wa mbali likawaka nukta ya kijani.

Ilikuwa ile ile.

"Waiona?" aliuliza.

Mwanatumu aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto. "Sioni kitu, baba Widad," alisema polepole. "Pana taa?"

Amechelewa, ndiyo fikra iliyomjia Jaafar. Miezi yote hii ya skrubu na spiriti, na jicho limeondoka kabla yake. Akainua macho aitazame mwenyewe angalau, na yeye pia hakuona kitu, ila nukta ukutani. Akasimama hivyo kama mjinga. Hewa safi haina cha kuushika mwanga. Kule diskoni palikuwa na mashine ya moshi, pale mjini palikuwa na umande wa bahari. Yeye alikumbuka kila msumari, akasahau moshi.

"Moshi," alisema. "Yataka moshi."

"Na mimi ndiye wa kukosa moshi?" alisema Mwanatumu. Akatoka akipapasa ukuta, akarudi na chetezo, makaa yamekolea, akatupia udi, ule wa sikukuu. Moshi ukapanda, ukatanda, na katikati yake uzi ukajitokeza, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, kijani chenye buluu ndani yake, moshi ukijiviringisha juu yake.

Dirisha la jicho la Mwanatumu lilikuwa dogo, basi aliufuata uzi kipande kwa kipande, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudi tena mwanzo. Machozi yakamtoka naye hakuyafuta.

"Ni ile ile," alisema. Kisha, baada ya muda: "Izime sasa."

"Mbona mapema? Haikupendezi?"

"Yapendeza. Lakini wewe hujui mambo yangu. Mimi kule darini nilikuwa naomba izimwe. Ikiwaka, uko kazini na wale mabinti wa Kizungu. Ikizimwa, najua umeshika baiskeli waja. Nashuka, nakaa dirishani gizani, nasubiri upite ukohoe." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nikilipenda sana giza lile. Nataka unikumbushe."

Jaafar akamwita Garama akate. Uzi ukatoweka, bomba likafifia, giza likawafunika wote wawili sawasawa. Pampu tu ndiyo iliyoendelea kuzunguka, kwa kuwa bomba la moto halifai kuachwa bila maji. Akanyoosha mikono mbele, akaanza kumtafuta mkewe kwa kufuata harufu ya udi. Alipokaribia alisimama, akakohoa.

"Nimekusikia," alisema Mwanatumu.